Ruzuku Imebadilika, Mzee Geti Hajabadilika

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha maji, huku juu mlimani ambako mabomba ya Ulaanbaatar yanachoka na kuishia. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani umelazwa juu ya matairi. Unakuja na toroli na dumu lako, unalipa, Mama Bomba anafungulia maji, dumu linajaa, halafu ulitakiwa uondoke. Haondoki mtu. Mama Bomba ana chupa kubwa ya chai, ile ya maziwa na chumvi, na chai ikiwepo maneno hayakosi. Wenye benchi ni wawili. Spika, dereva mstaafu wa basi la umeme, akikohoa huku juu wanamwitikia bondeni. Na Kipanga, aliyewahi kushinda mieleka ya wilaya raundi mbili. Raundi ya tatu haiongelewi. Mimi ni Temka, naosha magari. Shule niliachia kidato cha tatu, mdomo sijauachia bado.

Sasa skia kilichotokea. Nina mdogo wangu, Nomin, yuko darasa la kwanza. Baridi ikiingia, mtaa mzima ukawasha majiko ya makaa, kifua chake kinabana mpaka tunahamia hospitali. Dokta alishatuambia: mtoeni kwenye moshi. Tumtoe tumpeleke wapi? Tegemeo letu ni ruzuku ya nyumba nafuu. Sisi tunatoa viwanja, jiji linaongezea pesa, linajengwa ghorofa lenye joto la bomba, na kila familia inapata chumba na sebule kwa bei anayoiweza mtu kama mama yangu. Wakichimba msingi kabla ardhi haijaganda, baridi ya mwakani Nomin analala hewa safi.

Jumatatu afisa wa kata akapita na karatasi, anasema masharti yamebadilika. Zamani mtaa wote ulitakiwa usaini, mmoja akigoma mmekwama wote. Aliyetukwamisha sisi ni Mzee Geti wa kule kona, mwenye ua mpana kuliko wote na geti la chuma la kijani. Sasa robo tatu wakisaini inatosha. Bwana we! Spika akabeba sufuria, Kipanga akabeba mwiko, wakaenda kupiga ngoma mbele ya geti la kijani wakiimba, "Hatukutaki teeena!" Kumbe afisa alikuwa hajamaliza kusoma. Alhamisi karudi kumalizia: ile kodi waliyokuwa watulipie tukapange mjini wakati wa ujenzi imefutwa. Mtaa unaotaka ruzuku uonyeshe wenyewe pa kukaa, hapa hapa karibu, mwisho Jumatatu ijayo. Mkishindwa, inakwenda mtaa mwingine.

Hema kila mtu analo. Tunaishi kwenye mahema ya sufi, tunayakunja na kuyasimamisha bila fundi. Shida ni pa kuyasimamisha. Mlima umejaa nyua za watu mpaka juu, korongoni mvua ikinyesha unaondoka na kitanda. Eneo lililobaki ni moja tu. Lina geti la kijani.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo benchi lilikuwa kimya, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Haikudumu.

Spika: Nilisema mimi! Serikali ikikupa kwa mkono wa kulia, angalia mguu.

Kipanga: Mguu gani?

Spika: Wowote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Bomba: Mkuu alikuwa bado anasoma, nyie mkakimbilia sufuria. Na sufuria yenyewe yangu. Imebonyea.

Mimi: Wazee wangu, Jumatatu hiyo inakuja. Nani anaenda kuongea na Mzee Geti?

Kipanga: Mimi nitoe. Mimi na yule mbwa wake tuna historia.

Spika: Historia ipi? Yeye kakung'ata, wewe hukumng'ata. Hiyo siyo historia, hiyo ni taarifa ya habari.

Mimi: Basi nenda wewe, mzee Spika. Una sauti.

Spika: Sauti yangu anaijua. Ndiyo tatizo. Halafu hatakubali yule, nakwambia. Unajua kwa nini aligoma kusaini miaka yote hii? Chini ya ule ua kuna dhahabu.

Mimi: Dhahabu? Mlima mzima tumechimba mashimo ya vyoo, haijatoka hata sarafu.

Spika: Umeona sasa! Kwetu haipo kwa sababu yote iko kwake.

Kipanga: Acha kamba, mzee baba. Yule ni mtu wa wizara. Kawekwa pale atuchunguze. Umeshawahi kumwona anacheka?

Mama Bomba: Mtu wa wizara ndiye anayekuja hapa kila asubuhi kuvuta madumu, mgongo umepinda kama ndoana?

Kipanga: Anaupindisha makusudi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Bomba: Hicho ni chawa. Kaoge.

Spika: Subirini, subirini. Imenijia. Masharti kayabadilisha yeye mwenyewe! Pigeni hesabu. Jumatatu hatumhitaji. Alhamisi tunamhitaji kuliko mwanzo. Nani kafaidika? Ana binamu huko juu, lazima. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana walitusomea nusu nusu.

Kipanga akasogea, akashusha sauti, tukajikuta wote tumeinama.

Kipanga: Sasa niwape ya mwisho. Hati ya kile kiwanja haina jina lake.

Spika: Ina la nani?

Kipanga: La mbwa.

Mimi: La nani?

Kipanga: Mbwa! Ndiyo maana hakusaini. Atasaini vipi mali ya mwenzake?

Spika akafikiria. Nawaambia kabisa, mtu mzima na mvi zake, akafikiria.

Spika: Inaingia akilini.

Mimi nikasimama. Chai ikanimwagikia suruali, sikujali.

Mimi: Nyie mnagawa hati kwa mbwa, mdogo wangu kaanza kukohoa na moshi wenyewe haujaanza! Naenda mwenyewe.

Mama Bomba: Unaenda na nini?

Mimi: Na mdomo wangu.

Mama Bomba: Mdomo alishapelekewa Jumatatu, mwanangu. Pamoja na sufuria. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nyie mmetukana mkunga, mkampigia na ngoma.

Kipanga: Mkunga naye ana mbwa?

Hapo ndipo tukagundua kuna mtu nyuma yetu. Dada mmoja kajifunga kitambaa kichwani, toroli yake mpya, dumu jipya bado lina karatasi ya dukani. Alikuwa anasubiri maji, sisi tumekaa mbele ya bomba kama askari.

Mgeni: Samahani, wazee wangu. Huyo mzee mnayemsema, ni mtu wa wapi?

Spika: Wa Zavkhan, magharibi huko. Alikuja ile baridi iliyomaliza mifugo ya watu. Lori likamshusha pale kona na hema lake, na mbwa mdogo kama kofia. Ndiye huyu sasa anakula watu.

Mgeni: Basi siku ile anasimamisha hema, nani alimpelekea chai?



Jamani, hili hata mtoto wa kunyonya kwetu analijua. Mtu akihamia, akiwa bado anahangaika na nguzo na kamba, jirani anamletea chai ya moto na kitu cha kutafuna. Humuulizi katoka wapi, humuulizi jina. Chai kwanza.

Spika: Mimi siku ile nilikuwa zamu. Basi halijiendeshi.

Kipanga: Mimi nilikuwa na mieleka.

Mama Bomba: Na mimi… mimi nilijua mmepeleka nyie.

Spika: Sisi tulijua umepeleka wewe! Chupa si unayo wewe?

Mgeni: Nauliza tu, msinielewe vibaya. Mimi nimehamia juzi, hema langu lile jeupe kule korongoni. Nikasema labda mjini hiyo haipo.

Spika aliangalia viatu vyake kama ndiyo anaviona leo. Mama Bomba akachukua kikombe kisafi, akageuza chupa ili amkaribishe dada wa watu. Likatoka tone. Akatikisa. Likatoka la pili, likagoma kudondoka.

Mama Bomba: Haya, imekwisha. Na maneno yaishe. Temka, washa jiko. Spika, kwako kuna maziwa, usiniambie hakuna, nilikuona umebeba. Kipanga, maandazi ya mama mkwe wako.

Kipanga: Yale ni ya harusi!

Mama Bomba: Harusi itakula mkate. Nenda!

Wakaenda. Sijawahi kumwona Kipanga akikimbia, na ile raundi ya tatu nadhani hakukimbia vile. Tukachemsha sufuria ile ile iliyobonyea, imejaa mpaka juu. Chupa ya kwanza tukampa dada wa korongoni, na maandazi, na Spika mwenyewe akampakia dumu kwenye toroli. Jina lake hatukumuuliza. Alikunywa akiwa amesimama, machozi yakamtoka, akasingizia mvuke.

Chupa ya pili nikaibeba mimi. Nyuma yangu Mama Bomba na maandazi yaliyobaki, nyuma yake Spika, Kipanga mwisho kabisa, mbali na mbwa. Njiani kila mtu na maelekezo yake.

Spika: Ukishampa tu, chomekea habari ya ua.

Kipanga: Mwambie mahema machache. Mengine tutayaingiza kidogo kidogo.

Mama Bomba: Hachomekei kitu. Mkinena neno moja la ruzuku pale getini, maji yangu mtayasikia kwa jirani.

Tukafika. Kwetu hakuna kupiga hodi, unaita "Shikeni mbwa!" Hata nyumba haina mbwa, unaita hivyo. Nikamwangalia Spika aite, sauti yake ndiyo kubwa. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Nikaita mimi.

— Shikeni mbwa!

Mnyororo ukalia. Geti likafunguka kidogo, upana wa uso. Mzee Geti akatutazama mmoja mmoja, mpaka kule mwisho kwa Kipanga.

— Leo mmekuja na sufuria gani?

— Na chai, mzee. Shikamoo.

— Chai ya nini? Nani kahamia hapa?

Nikawaza Nomin. Nikawaza Jumatatu. Maneno ya ruzuku yalikuwa yamenijaa hapa kooni, yanasukumana. Nikayameza.

— Wewe, mzee. Umehamia. Tumechelewa kidogo.

Nikammiminia kikombe, akakitazama mpaka mikono yangu ikaanza kuungua. Halafu akatoa mkono wa kulia, akapokea kikombe. Akanywa yote. Akachukua andazi moja, akalivunja, nusu akamrushia mbwa.

— Chumvi haitoshi, akasema.

Akafunga geti.

Usiku ule Kipanga alinilaumu, Spika alinilaumu, mama yangu ndiyo usiseme. Nilikuwa na nafasi, nimeitupa. Nikawajibu kesho napeleka tena, na chumvi naongeza, na keshokutwa napeleka, mpaka Jumatatu, na Jumatatu ikipita bado napeleka. Nomin alikuwa anakohoa nyuma ya pazia. Sikuwa natania.

Asubuhi nikavuta toroli kwenda kuchota. Nikakuta kijiwe kizima kimesimama barabarani, hata Mama Bomba kaacha bomba lake, wanaangalia upande wa kona.

Geti la kijani lilikuwa wazi, pande zote mbili. Kuni zilizokuwa zimerundikwa katikati ya ua zimehamishiwa ukutani, zimepangwa. Katikati peupe, pamefagiliwa, mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mzee mwenyewe hayupo. Mbwa yuko kona ya mwisho, mnyororo umefupishwa, kalala anatuangalia.

Spika: Sasa hii maana yake nini?

Kipanga: Inaweza kuwa mtego. Mwenye hati yuko pale anatusubiri.

Spika: Hajasema ndiyo. Hajasaini. Hajasema chochote!

Mama Bomba: Jana mliita nini pale getini?

Mimi: Shikeni mbwa.

Mama Bomba: Basi, mbwa ameshikwa. Mnasubiri nini? Nendeni mkakunje mahema.