Mdomo Uliozoea Kuomba

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa hata kwa mdomo huu wangu, maana ushuhuda nilio nao ni wa mdomo wenyewe.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Mbula wa Butimba. Nimeokoka tangu usichana. Sikurudi kwenye pombe wala kwa waganga, kwa hiyo msitegemee habari za vilinge. Mimi nililala usingizi humu humu kanisani, benchi la mbele, nimevaa kitenge cha akina mama.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa mjini, nami nina meza yangu sokoni. Tulikula vizuri, tukaezeka bati. Kanisani nilikuwa mwenyekiti wa akina mama. Akiugua mtu, naitwa nikaombe. Ukitokea msiba, naitwa nikaombe. Na misiba ilikuwa mingi, ndugu zangu, mnakumbuka. Wiki haikuisha bila turubai kufungwa mtaa fulani. Nilitoka sokoni, nikaomba, nikarudi sokoni. Maneno yalitoka yenyewe, mazuri, watu wanaitikia Amina, na mimi nawaza kama mvua haitalowesha nguo zangu mezani. Nyumbani sikuwa naomba tena. Wala sikuona pengo, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Basi akaugua jirani yangu Mama Koku, mjane kutoka Bukoba. Ni kifua. Hospitali walimwanzishia dawa, lakini alikata tamaa akaacha kuzimeza. Binti yake Koku akanifuata sokoni.

"Shikamoo mama. Naomba uje umwombee mama. Labda akikusikia wewe atakubali dawa."

Nikaenda. Nilimkuta amelala mkekani, uso ameuelekeza ukutani. Nikafumba macho, nikaanza, na mdomo ukashika njia yake uliyoizoea: "Baba, tunakushukuru kwa maisha ya dada yetu uliyetupatia, na sasa umemtwaa. Uwafariji watoto aliowaacha..."

Hakuna aliyeitikia. Nikafumbua macho. Koku analia. Mama yake amegeuka, ananitazama. Akasema taratibu, "Mama Mbula, mimi bado nipo."

Ndugu zangu, aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena. Nilitaka kuomba upya, sikupata neno hata moja. Ukiondoa yale niliyoyazoea, ndani hamkuwa na kitu. Nikapiga magoti pale pale nikalia. Nikasema, "Mungu, nisamehe, sijui kuomba." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya miaka mingi.

Nilipotulia nikamwuliza, "Unataka nikuombee nini?"

Akajibu, "Niombee niache kuziogopa zile dawa, zinanichoma tumbo. Na nile ndizi, zisirudi."

Nikaomba hayo hayo, kwa maneno mabovu, huku namwangalia. Kisha nikaingia jikoni kumenya ndizi. Alikula kidogo, akameza dawa. Kesho yake nikarudi, meza ya mitumba ikasubiri. Tukaenda hivyo mpaka akapata nguvu ya kukaa nje na kunisimanga kwamba sisi Wasukuma ndizi tunazichemsha kama viazi. Nilicheka, moyo ukiwa mwepesi, na njiani nikajikuta naongea na Mungu bila mtu kunituma.

Mama Koku alipona kifua. Mimi Bwana alinitoa usingizini, na namshukuru kwamba hakunitoa kwa fimbo.

Na wewe unayehudumu kila Jumapili huku moyo uko kwingine, usiogope kumwambia Yesu kwamba umesahau kuomba. Mwambie hivyo hivyo, atakupokea kama alivyonipokea mimi. Mama Koku mwenyewe yule pale dirishani, mwenye kilemba. Kila nikiinuka kuomba, hainamishi kichwa mpaka nimtazame kwanza. Namtazama, ananiitikia kwa kichwa kwamba bado yupo, ndipo tunafumba macho.