Mlango Alioufunga Kimya: Rénovat Bigirimana, 1981–2025

Marehemu Rénovat Bigirimana alizaliwa tarehe 14 Mei 1981 mkoani Ruyigi, Burundi, akiwa mtoto wa kwanza katika familia yetu. Nasema "yetu" kwa sababu mimi ni Verdiane Ninahazwe, mdogo wake wa pekee. Kamati ya mazishi iliniletea wasifu uliokwisha kuandikwa, eti marehemu "aliupokea ugonjwa kwa utulivu, familia yote ikiwa bega kwa bega naye." Nimeuchana. Familia yote haikuwa naye. Kuna mmoja alifichwa, na ndiye huyu anayewasomea. Mkiniona nimekasirika, mmeona sawasawa.

Mwaka 1996 tulikimbilia Tanzania, tukapokewa katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Marehemu alimaliza shule ya msingi pale kambini mwaka 1998, kisha akashika ufundi wa baiskeli ili mimi niendelee na sekondari. Mwaka 2003 mama yetu aliugua, nami nikaacha shule kidato cha tatu nimuuguze. Alifariki baada ya miezi mitano. Sikurudi tena darasani. Kaka alimlilia mama, na shule yangu pia aliililia. Lishikeni hilo, maana ndilo lililoleta yote.

Tulifika Sydney, Australia, tarehe 22 Agosti 2007. Kwa miaka kumi na sita marehemu alifanya kazi katika gereji ya kunyoosha bodi za magari, eneo la viwanda la Seven Hills, na sifa yake ilikuwa milango. Mlango ukiwashinda wenzake, aliitwa yeye. Mwaka 2016 alilikuta gari aina ya Pijo 504, la mwaka 1976, limetelekezwa uani kwa mtu huko Minto, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Alilichukua pamoja na mayai. Akalifufua lote isipokuwa mlango wa dereva, ambao haukufunga mpaka ubamizwe. Miaka tisa mtaa mzima ulijua Bigirimana anakwenda kazini. Nikimtania, "Fundi wa milango, na wako je?" alinijibu, "Wangu haujaleta malalamiko."

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Lyse Irankunda. Mungu akawajalia binti, Keza, ambaye sasa ana miaka kumi na minne. Niliishi nao nyumba moja siku zote hizo. Wifi yangu, nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Tarehe 18 Februari mwaka huu wa 2025 marehemu aligundulika ana saratani ya kongosho. Wakati huo nilikuwa muhula wa mwisho wa masomo ya uuguzi, na usiku nilihudumia wagonjwa hospitalini Westmead. Alimwambia Lyse, akamwambia Keza, akamwambia Mchungaji Masumbuko, akawaapisha wote watatu: Verdiane asijue mpaka amalize mitihani. Mtoto wa miaka kumi na minne, jamani, akabebeshwa siri ya kifo cha baba yake! Kaka alipoanza kukonda, Mchungaji alisimama madhabahuni akatangaza kwamba ndugu Rénovat yuko kwenye mfungo wa maombi. Mfungo! Nilimpikia ndizi na maharage, hakugusa, nikaenda kutubu kwa kumjaribu mtu aliyefunga. Mchungaji, nilitubu mbele yako. Ulinitazama usoni ukasema amina.

Mwezi Machi, Jumamosi tatu mfululizo, kaka aliushika ule mlango. "Mdogo wangu, unatoka zamu umechoka, na kishindo hiki kinakukatiza usingizi." Nilifurahi, nikamshikia bisibisi. Alianza kwenye bawaba kuhakikisha mlango haujashuka, kwa sababu, alisema, kitasa hakibebeshwi mlango. Kisha akalegeza skrubu za kile chuma cha nguzoni kinachopokea kitasa, akakipaka chaki ya Keza, akafunga taratibu, akafungua, akatazama alama imeangukia wapi. Akakisogeza kiasi cha unene wa ukucha. Akarudia, akarudia tena. "Sikiliza," akaniambia. "Mlio wa kwanza umeshika tu. Wa pili ndio umefunga." Jumamosi ya tatu mlango ulifungwa kwa kidole kimoja, mimi nikapiga vigelegele.

Kumbe! Kila Alhamisi, nikiwa nimelala, yeye na Lyse walitoka saa tatu asubuhi kwenda kwenye matibabu, katika jengo lilelile ninalofanyia kazi, ghorofa mbili chini ya wodi yangu. Malori ya viwandani hupita kwetu kutwa, injini nilikwisha kuzizoea. Mlango ule ningeusikia hata usingizini. Mimi mwenyewe nilimshikia bisibisi aninyamazishie.

Tarehe 28 Juni, siku moja baada ya mtihani wangu wa mwisho, aliniketisha kwenye kiti cha dereva, akazunguka akaketi kando yangu. Nikafunga mlango kwa kidole. Akaniambia yote.

"Hukuniuliza!" nilisema.

"Ningekuuliza, ungeacha shule."

"Ningeacha, ndiyo! Si ni juu yangu kuamua?"

"Uliacha kwa ajili ya mama. Kwa ajili yangu huachi."

Nilishuka nikaubamiza ule mlango mara tatu, kwa nguvu zangu zote, hadi kile chuma cha nguzoni kikahama. Siku tisa sikumsemesha. Alikuwa amebakiwa na siku sabini na tatu duniani, na tisa kati ya hizo nilizitupa mimi. Hapo simlaumu mtu mwingine.

Siku ya kumi nilichukua bisibisi na chaki nikaenda kuurekebisha. Alinizuia akiwa dirishani. "Uache hivyohivyo, mdogo wangu. Uwe unaubamiza. Nataka nisikie umerudi." Kuanzia hapo nilikwenda kazini kwa Pijo. Kila asubuhi nikirudi niliubamiza mlango, naye kutoka kitandani aliita, "Muuguzi amefika!" Sauti yake ilizidi kudhoofika, lakini hakukosa hata siku moja.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili na dakika tano asubuhi, niliubamiza. Hakuna aliyeita. Nikaufungua, nikaubamiza tena. Lyse akatokea barazani, akasimama tu.

Marehemu ameacha mjane, Lyse Irankunda, binti, Keza, na mdogo wake, Verdiane, ambaye amefaulu mitihani yote na wiki ijayo anaanza kazi ya uuguzi aliyosomea akiwa amedanganywa. Asante, kaka. Na sijakusamehe bado, hilo utanivumilia.

Pijo liko pale getini. Ndugu wawili wa gereji wamejitolea kunirekebishia mlango; nawashukuru, na nawaomba wasiuguse. Tukishamfukia nitaingia na kuubamiza kwa nguvu zangu zote, msishtuke.

Pumzika kwa amani, kaka. Ukisikia kishindo, ni mimi.