Kadi ya Bibi: Maisha ya Mzee Chanzo, Mkutubi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikizia mzee wetu, yeye ambaye wengi mlimwita Mzee Chanzo mpaka jina lake la cheti likasahaulika, alizaliwa tarehe 3 Juni 1949 katika nyumba ya bati nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1968, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa katika maktaba kuu ya mji, kwanza akibandika namba migongoni mwa vitabu, baadaye akiandika kadi za katalogi, na mwishowe akisimamia chumba cha marejeo, ambako waigizaji na wanafunzi wa sanaa walimfuata kuuliza mambo ya jukwaani.

Jina la Chanzo alipewa na hao waigizaji, kwa sababu mtu akidai jambo lolote, hata liwe rangi ya pazia tu, yeye alimtazama juu ya miwani na kuuliza, "Chanzo chako kipi?", na ukimletea kimoja alikuambia huo bado ni umbea, kalete cha pili.

Mwaka 1973 alikuja pale mwigizaji mmoja, binti mwenye sauti isiyofaa maktaba, akitaka kujua wajane wa zamani walivaaje, naye mzee akamshushia kamusi mbili na ensaiklopidia, binti akaziangalia akasema, "Kaka, mimi nimeomba nguo, wewe unanipa matofali," chumba kizima kikacheka, na mzee, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu, akacheka pia. Jumamosi tarehe 20 Oktoba mwaka huo alikaa safu ya mbele katika ukumbi wa manispaa akamtazama akiigiza mjane, na tarehe 9 Agosti 1975 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti, ambaye ni mama wa mjukuu anayewasomea haya, na mwana, ambaye ni dereva wa malori.

Bibi hakuigiza tena, maana kikundi chao kilivunjika, ila hakuacha kumtania mumewe kwamba makabati yake ya kadi yana nafasi ya mwandishi na nafasi ya jina la tamthilia, lakini aliyesimama jukwaani akatoka jasho hana pake. Mzee akafungua droo ya waigizaji, akaijaza kadi za watu wengine, lakini ya mkewe hakuiandika, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha, na macho yake mwenyewe, alisema, si chanzo, macho ya mume ndiyo kabisa. Alistaafu mwaka 2009, Bibi akafariki tarehe 30 Aprili 2016 kadi yake haijaandikwa, na tangu hapo jambo hilo lilimkaa mzee rohoni.

Mwaka 2022 alianza kuugua mapafu, mjukuu wake akaacha shule akiwa kidato cha pili ili amtunze, naye mzee akageuka mwalimu wake, akimwelekeza kutoka kitandani kwamba, katika kusaka uthibitisho wa Bibi, asitafute kwa jina la mchezo, kwani majina hubadilishwa, bali aanze na tarehe, aende kwenye faharasa ya magazeti. Mjukuu akapata habari fupi iliyomsifu mjane "aliyenyamazisha ukumbi", bila kumtaja jina, na mwishoni ikamshukuru fundi cherehani aliyeshona mavazi. Aliposomewa, mzee akasema, "Hebu katazame kwenye droo ya Ushonaji." Na kweli, humo ndimo ilimokuwa kadi ya programu ya onyesho lile, kijitabu ambacho mpiga chapa alikileta maktaba kabla ya onyesho, nayo iliwekwa humo kwa kuwa ukurasa wa mbele ulijaa tangazo la fundi huyo, na aliyeandika kadi hakufungua ndani kuona majina ya waigizaji, na mwandiko ulikuwa wa mzee mwenyewe. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akasema, "Miaka yote hii nimemweka mke wangu kwa mafundi cherehani, na hata kifungo alikuwa hajui kushona!"

Basi akaitaja kadi neno kwa neno, mjukuu akaandika. Lakini utaratibu wa maktaba, aliousimamia mwenyewe, ni kwamba kadi mpya hukaa juu ya fimbo ya chuma inayopita ndani ya droo, haishuki mahali pake mpaka mtu mwingine aikague na kuivuta fimbo. Jumanne tarehe 12 Machi 2024, asubuhi, katika wodi ya hospitali ya wilaya, alimuuliza mjukuu wake, "Imeshuka?", akajibiwa, "Bado, Babu," akasema, "Wasiharakishe," na hakusema tena. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa pumzi kadiri walivyoweza, majirani waliokuwa wakija kumgeuza kitandani bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake wa maktaba, hasa mkuu wa chumba cha marejeo, ambaye jana, msiba ukiwa mbichi, hakutupendelea hata kidogo, alifungua gazeti akasoma, akafungua programu akasoma, akalinganisha na kadi, ndipo akaivuta fimbo.

Imeshuka, Babu. Sasa pumzika.