Maisha ya Mzee Zakaria Wathome, Aliyetaka Kujua Nani Ameleta

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Jericho, na ninyi ndugu mliotoka Mbooni kabla jua halijachomoza ili mje kumsindikiza, familia imemchagua Ndinda, kitinda mimba wa marehemu, awasomee maisha ya baba yake, na ni vyema mjue mapema kwamba sehemu kubwa ya maandishi haya marehemu mwenyewe aliisoma mwezi wa tatu mwaka huu, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hakuwa na imani na yale watu husema mtu akishafariki.

Marehemu Mzee Zakaria Wathome Muthama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mbooni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Muthama na Mama Ndunge, ingawa tarehe hiyo aliitilia shaka maisha yake yote, maana karani wa ubatizo aliiandika miaka sita baadaye kwa kumtazama kimo tu. Alisoma shule ya msingi ya hapo nyumbani kuanzia 1959 hadi 1966, na walimu wake walimkumbuka kama mtoto aliyerudia kwa siri hesabu za ubaoni ili aone kama mwalimu amekosea. Aliendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka wa 1968, baba yake alipougua, naye akaacha.

Alifika Nairobi Januari 1970, akapokewa na binamu yake mtaani Kaloleni, na tarehe 2 Agosti 1971 akaajiriwa na baraza la jiji kama kibarua wa mabomba, akapanda cheo hadi kuwa mkaguzi wa maji, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta maji yanayopotea, naye alitembea mitaa yote ya Eastlands akiwa na fimbo ndefu ya chuma, anaisimamisha juu ya bomba, anaweka sikio kwenye ncha ya juu, anasikiliza maji yanaelekea wapi. Mtu alipomwambia kwamba maji yanatoka tu, hajui ni nani aliyeunganisha, Mzee Wathome alimwambia maji hayana miguu, akaomba jembe, akachimba mpaka akamwona aliyeunganisha. Hiyo ndiyo tabia aliyorudi nayo nyumbani kila jioni, na wanawe wanaweza kushuhudia kwamba hata peremende haikuingia mle ndani bila kuulizwa imetoka kwa nani na kwa nini.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa kanisani na Nzisa, binti wa Kilungu, mwanamke mpole aliyeamini upesi kama mumewe alivyoshuku upesi, wakajaliwa watoto watatu, Muthama aliyezaliwa 1978, Ndunge wa 1981 na Ndinda wa 1986. Mama Nzisa alikuwa na mazoea ya kusema Mungu amepita hapa, akisema hivyo mvua ikinyesha nguo zikiwa zimeshaanuliwa, akisema hivyo mtoto akipona homa, na mumewe kila mara aliuliza amepitia mlango gani, kwa sababu yeye alikuwa ameketi pale pale na hakumwona. Hata hivyo kila Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la pili kutoka nyuma, na wakati wa ushuhuda alisikiliza kwa makini kama anayesikiliza bomba, akitafuta ni wapi habari ile inavuja.

Sasa familia inafika mahali ambapo kaka na dada wa msomaji walitaka parukwe, lakini marehemu alipapigia mstari mwekundu, akaandika pembeni, pasomwe.

Jumapili ya tarehe 14 Juni 2009, jirani yetu Adoyo, ambaye wengi mnamjua kama Mama Lorraine, aliyekuwa amefiwa na mumewe Otiende, mfanyakazi wa reli, na kuachiwa watoto watatu, alisimama kutoa ushuhuda kwamba Jumamosi tatu mfululizo ameamka akakuta unga na maharagwe mlangoni, hakubisha mtu, hakuonekana mtu, naye anajua ni Mungu. Kanisa likapiga makofi. Mzee Wathome, ambaye wiki hizo alikuwa ameona unga wa nyumbani kwake unapungua bila maelezo, na Jumamosi ya tatu akamfuata mkewe nyuma nyuma hadi kwenye mlango ule, alisimama bila kuitwa akasema, "Si Mungu. Ni mke wangu. Nimemwona kwa macho yangu." Watu walicheka, kwa vile walidhani ni mzaha, na Adoyo akakaa polepole akiwa ameshika mkono wa Lorraine.

Jumapili iliyofuata Adoyo hakuja, na mwisho wa mwezi alihamia Dandora bila kuaga. Mama Nzisa hakumgombeza mumewe, alipika na kupakua kama kawaida, ila kwa majuma mengi aliomba kimoyomoyo kabla ya chakula badala ya kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane, na marehemu alikiri baadaye kwamba ukimya ule ulimuuma kuliko matusi. Mama alipougua mwaka wa 2019 alimwomba jambo moja tu, aende Dandora amtafute Adoyo, atengeneze alichokiharibu, naye akaahidi, lakini mama alipoaga dunia tarehe 3 Septemba mwaka huo alikuwa bado hajaenda, kwa kuwa alishuku kwamba atafungiwa mlango mbele ya watu, na alistahili.

Mwezi wa Oktoba 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, akiishi peke yake katika nyumba ya Jericho kwa sababu alikataa katakata kuhamia kwa watoto. Ndipo asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alipofungua mlango akakuta chupa ndogo ya chai yenye uji wa moto, mzito, wa kutosha kikombe kimoja. Ijumaa ikaja nyingine. Nesi alimruhusu kikombe hicho kimoja, lakini wiki mbili za kwanza marehemu aliumwaga wote, maana mtaani kila mtu anajua nyumba za baraza zinavyomezewa mate, na mzee mgonjwa anayeishi peke yake akiletewa uji na mtu asiyejitaja, huyo mtu anataka ufunguo. Alimshuku kijana wa nyumba ya pili, akamshuku mzee wa nyumba kumi anayesimamia usalama wa mtaa, na Ndinda anajua kwamba hata yeye alishukiwa, kwa kuwa aliulizwa kwenye simu mara mbili kama ana mipango yoyote kuhusu hiyo nyumba.

Basi akafanya alivyofanya siku zote. Alinyunyiza jivu kwenye ngazi ya mlango, akakuta alama ya akala, yenye mistari ya tairi na kisigino kilicholika upande mmoja, akaichora kwenye karatasi, akamlazimisha Ndinda ampeleke soko la Kariokor, ambako walizunguka kutoka fundi hadi fundi mpaka Makau, fundi wa akala, akaitambua mistari ile, akasema tairi hilo la lori alilikata jozi nne tu, zote akawauzia akina mama wanaochambua plastiki kule Dandora. Marehemu alifumba macho njia nzima. Ndinda alifikiri amechoka, kumbe alikuwa ameshajua.

Walimkuta Adoyo huko Dandora akichambua plastiki, na baba, akiwa amesimama kwa kuegemea ile fimbo ya chuma, hakumsalimia wala hakuomba msamaha, alianza kwa kumhoji, ni nani amekwambia mimi ni mgonjwa, ni nani amekwambia Jumanne na Ijumaa ndizo siku zangu za hospitali, ni nani amekutuma. Adoyo alifuta mikono, akamjibu kwa utulivu, "Hakuna mtu amenituma, mzee. Sikujua hata wewe ni mgonjwa. Jumanne na Ijumaa huwa naenda kufua nguo za watu huko Jericho, na siku moja nikipika uji wa watoto, Mama Muthama, mkeo, akaniingia tu kwa roho, vile alikuwa anatuwekea mlangoni na hasemi. Nikaona nami niweke." Aliulizwa tena na tena, kwa maneno tofauti, kama wakaguzi wanavyouliza, na jibu lake halikubadilika.

Mwaka mzima baba alilichunguza jibu hilo, akiunywa uji sasa bila kuumwaga. Kisha akamwomba Adoyo aje kanisani siku moja, naye akaja Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na Lorraine ubavuni, kwani naye alikuwa na haki ya kushuku kwamba ataaibishwa mara ya pili. Wakati wa ushuhuda Mzee Wathome alisimama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya 2009, na alichosema Ndinda alikiandika neno kwa neno.

"Nimekagua mabomba miaka thelathini na minne na miezi minane. Huu uji nimeufuata mpaka kwa Mama Lorraine, nikamuuliza nani amemtuma, akasema hajui. Nimechimba hapo mwaka mzima, sijaona mtu mwingine. Basi naandika kwamba ni Mungu, na huyu mama ndiye aliyeniletea. Mwaka ule niliwaambia nusu ya habari. Mama Lorraine, nisamehe."

Adoyo alitoka nyuma akaja mbele, akamshika mkono, na Ndinda alilia hadharani, wala haoni haya kulisema hapa.

Hali ya marehemu ilizidi kuwa mbaya mwezi wa Aprili, na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, akiwa na nusu ya kikombe cha uji kando ya kitanda cha hospitali, alivuta pumzi ya mwisho. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa baraza, majirani wa Jericho, kanisa hili, na zaidi ya wote Adoyo, na inawashukuru kwa njia aliyoiagiza mwenyewe, kwamba tusimtaje Mungu tukaficha jina la aliyetumwa, wala tusimtaje mtu tukaficha jina la Mungu.

Leo asubuhi mlangoni pa nyumba ya Jericho tumekuta chupa tatu za uji wa moto. Adoyo alikuwa ndani pamoja nasi, tumemuuliza, amesema si zake. Tumekunywa uji, hatujanyunyiza jivu.

Lala, baba, upumzike kwa amani, huko uliko sasa unamwona anayeleta.