Sista Maximilla na Mguu wa Waithira

Sista Maximilla Kageha ametumikia wodi ya wazazi ya hospitali yetu hapa Eldoret miaka ishirini na tisa, na anastaafu tarehe 30 Juni 1988. Mimi, Ephantus Gathogo wa chumba cha plasta, tunakofunga mifupa iliyovunjika, nilimtangulia kwa miaka miwili, ndiyo maana sikukubali mtu mwingine aandike haya. Karani amenirekebishia herufi tu. Maneno ni yangu.

Alikuja kutoka Vihiga na sanduku moja ya bati. Akipita, hata daktari alizima sigara. Watoto aliozalisha wamejaa kutoka mtaa wa West Indies hapa mjini mpaka Cheptiret.

Lakini nitasema ya 1981. Waithira, bibi ya Kabiru mwenye duka kule Soy, alikuja na mimba ya miezi mitano, mguu umevimba juu ya goti. Akaletwa kwangu, maana Uasin Gishu nzima hakuna mguu uliowahi kunishinda. Nilikuwa na maji moto na chumvi, nimeanza kukanda, Sista akaingia.

"Mzee, toa mikono! Mimba huvimbisha miguu yote miwili. Huu ni mmoja, tena mgumu kama jiwe."

Nikamwambia nimekanda miguu tangu yeye akiwa shule. Akamchukua mgonjwa mpaka eksirei. Johnstone wa eksirei akakataa kumpiga picha mja mzito. Sista akafunika tumbo kwa ile eproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia miale, akabishana naye mpaka picha ikapigwa. Mfupa ulikuwa umeliwa. Daktari akakata kipande kidogo, kikapelekwa Nairobi, jibu likarudi: saratani ya mfupa.

Daktari akasema mguu ukatwe mara moja, lakini Kabiru alitaka kungoja mpaka mtoto azaliwe. Sista akamfuata dukani siku ya Jumapili, bado na nguo za kanisa. "Ukingoja, baba, huyu mtoto utamlea peke yako."

Mguu ulikatwa mimba ikiwa miezi sita, kwa sindano ya ganzi ya mgongo, Sista akisikiliza moyo wa mtoto kabla na baada. Msichana alizaliwa kilo tatu kamili, ndipo mama akapelekwa Nairobi kwa dawa kali za saratani. Mguu wa mbao nilichonga mimi, na hauna mwenzake mkoa huu. Waithira anauza dukani hadi leo.

Miaka saba tumekunywa chai meza moja na sijamwambia kitu. Ningeendelea kukanda, ule ugonjwa ungeenea. Basi Sista, ulikuwa sawa, mimi nilikosa. Asante. Fika Vihiga salama, upumzike, na Mungu akuongezee miaka.