Mzee Zbinden, Majiko Mawili na Hatua Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza majiko ya kupashia joto Ofisi ya Usuluhishi hapa Bern, Mzee Niklaus Zbinden anastaafu rasmi leo, tarehe 28 Machi 1918. Katika muda huo ofisi imepokea mapendekezo ya amani mia nne na kumi. Yote yamehifadhiwa vizuri, mbali na moto.

Hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Alipoulizwa nani ana haki katika vita hivi, alijibu, "Mimi naona baridi tu, bwana." Mkurugenzi wetu, Daktari Imhof, alimtaja kuwa mfano wa kutoegemea upande wowote.

Sifa hiyo ilidumu hadi Januari mwaka jana. Garimoshi la majeruhi wa pande zote mbili, waliokuwa wakibadilishwa, lilisimama mpakani likingoja saini mbili. Wajumbe wa pande hizo mbili, Baroni na Kanali, walijifungia ghorofani hapa ofisini, kila mmoja na chumba chake. Walikuwa wamekubaliana kila kitu isipokuwa nani atangulie kutia saini. Siku ya tisa tukapigiwa simu kwamba majeruhi saba wamekufa kwa baridi ndani ya mabehewa. Tulipeleka habari vyumba vyote viwili kwa wakati mmoja, kama kanuni inavyotaka. Hakuna aliyetoka.

Mzee Zbinden akazima majiko ya vyumba vyote viwili, akaacha la mpishi tu.

Saa moja haikupita, Baroni akashuka jikoni na blanketi begani. Kanali akamfuata, pua nyekundu.

"We mzee, makaa yameisha?" Kanali akauliza.

"Yapo tele, mheshimiwa. Nangoja mniambie nianze kuwasha la nani."

Nakala za hati zilikuwa mbili. Kila mmoja akaanza kutia saini yake, kisha wakabadilishana, juu ya ubao wa mpishi. Magazeti yaliandika kwamba wajumbe walitokwa na machozi. Ni kweli, mpishi alikuwa anakata vitunguu. Garimoshi lilivuka jioni ileile, na watu mia mbili na watano wakafika kwao wakiwa hai.

Mzee akapewa barua ya onyo. Uchunguzi wa miezi mitano ulibaini kwamba jikoni ni karibu zaidi na chumba cha Kanali kwa hatua nne, hivyo alipendelea upande mmoja. Daktari Imhof alipima mwenyewe kwa utepe. Mzee aliuliza kama uchunguzi umewahesabu na wale saba. Haukuwahesabu. Naona aibu kuliandika hili.

Kamati ya zawadi bado inajadili kama kumpongeza ni kuegemea upande, kwa hiyo sisi wa ghorofa ya chini tumemnunulia kiko.

Ahsante, Mzee wetu. Kapumzike kwa binti yako kule Thun, ukawashe jiko lako upendavyo. Ila kabla hujarudisha funguo, pita kidogo stoo ya makaa. Wajumbe wapya wako juu tangu Ijumaa, garimoshi lingine limesimama mpakani, na majiko yote mawili yanawaka vizuri kabisa.