Karatasi Niliyokataa Kuishika

Nilimpasua dalali mdomo kwa mwiko wa kusongea ugali. Kina mama, nitawaeleza kwa nini.

Alivuta godoro mtoto wangu wa miezi saba akiwa amelala juu yake. Mtoto akaanguka sakafuni, damu ikamtoka puani. Nilipompiga, mwenzake akanikaba shingo ukutani. "Ulipokuwa unanunua kwa kadi ulikuwa unacheka, mama. Sasa unalia nini?" Nikamng'ata mkono mpaka akapiga nduru. Bado wakaondoka na cherehani yangu.

Sasa nianze mwanzo. Nikiwa karani Homa Bay, benki ilinipa kadi ya mkopo. Kazi ikaisha nikiwa na mimba, deni likabaki. Nikarudi hapa Muhuru Bay kushona nguo. Benki ikanishtaki, na siku moja jamaa akaniletea samansi, karatasi ya kuniita kortini. Nikaficha mikono nyuma ya mgongo. Si huku tunaambiana karatasi ya korti usipoigusa haijakufikia? Jamaa akaiweka juu ya cherehani, akaenda zake. Nikawashia jiko nayo. Ujinga, ndugu zangu, nawaambia bila aibu! Siku za kujibu zikapita, korti ikaamua bila mimi, na madalali wakatumwa kukamata mali yangu.

Walipoondoka nilinoa panga niwafuate. Nyinyi ndio mlininyang'anya. Mwenyekiti wetu wa chama hiki cha kina mama akaniuliza, "Ukifungwa, huyu atamnyonya nani?"

Nikakaa chini.

Mlinichangia nauli. Mmoja wenu akambeba mtoto mpaka hospitali, na ni uvimbe tu, Mungu ni mkubwa. Halafu kortini. Karani akanionyesha jinsi ya kuomba hukumu ifutwe. Nikamwambia hakimu: deni ni langu, samansi niliipuuza, naomba nilipe kidogo kidogo. Akakubali. Asanteni sana. Ukiletewa samansi, dada, ishike, isome, ujibu mapema.

Lakini deni halimpi mtu ruhusa ya kuangusha mtoto. Jana nimepeleka malalamiko kwa bodi inayowapa madalali leseni, nakala kwa polisi. Nimeandika hivi:

"Walikuja bila kuorodhesha mali kwanza wala kunipa siku saba za notisi. Walichukua cherehani, chombo changu cha kazi, ambacho sheria inakilinda. Walimwangusha mtoto, wakanikaba. Mimi nilimpiga mmoja kwa mwiko na mwingine nikamng'ata. Hilo nakiri, na nikiitwa nitakuja kulijibu. Nao waitwe wajibu la kwao."